Kwa Nini Breki Huweza Kuitoa Motokaa Matopeni

Mvua za masika zinapoanza mwezi wa Machi, barabara nyingi za mashambani hugeuka tope. Mkulima wa Kinangop au Molo aliyepakia mitungi ya maziwa alfajiri ajua sana hasara ya kukwama njiani. Maziwa hayangoji. Yakikaa juani saa chache huharibika, na yakiharibika hayapokelewi. Majani ya chai nayo ni vivyo hivyo: yaliyochumwa leo yatakiwa yafike kiwandani leo. Basi kujua namna ya kuitoa motokaa matopeni si jambo la madereva peke yao. Ni jambo la fedha za mkulima.

Siku hizi motokaa na pikapu nyingi zinazoletwa nchini, hata zile zilizotumika kwanza Japani, zina chombo cha kuzuia gurudumu lisizunguke bure. Chombo hiki hufanya kazi kwa breki. Wakulima wengi wanacho katika motokaa zao wala hawakijui. Wengine wakisikia mlio wake hudhani kitu kimevunjika. Huondoa mguu mara moja, na motokaa hubaki pale pale. Mwezi huu twaeleza kazi ya chombo hiki, ili kila mwenye motokaa aweze kukitumia, tena ajue mahali ambapo hakiwezi kumsaidia.

GURUDUMU MOJA LAZUNGUKA, JINGINE LIMESIMAMA

Bila shaka umeona jambo hili kwa macho yako. Motokaa imetumbukia upande mmoja katika mtaro. Gurudumu la kushoto liko matopeni, la kulia liko juu ya changarawe ngumu. Dereva akanyaga mafuta. La kushoto lazunguka kwa kasi na kuwarushia tope wanaosukuma; la kulia, ambalo ndilo lenye mahali pazuri pa kushika, limetulia kabisa kama lisilo na kazi. Watu husema, "Nguvu zote zimekwenda kushoto." Maneno hayo si kweli, na ukitaka kuifahamu habari hii yafaa kwanza ujue kwa nini si kweli.

Katikati ya magurudumu mawili yanayosukumwa na injini kuna sanduku la meno ambalo mafundi huliita difu. Difu ina kazi njema. Motokaa inapopiga kona, gurudumu la nje huwa na safari ndefu kuliko la ndani. Ikiwa nafasi kati ya magurudumu hayo ni mita 1 na nusu, motokaa ikizunguka duara moja zima gurudumu la nje litakwenda zaidi ya mita 9 kuliko la ndani. Kama yangefungwa pamoja kwa chuma kimoja, moja lingeburuzwa kila penye kona, mipira ingelika upesi, na motokaa ingekuwa nzito kugeuka. Difu huyaruhusu yaende kwa mwendo mbalimbali.

Lakini difu ina sheria moja. Huyapa magurudumu yote mawili nguvu sawasawa, hata kama moja laenda mbio na jingine limesimama. Na gurudumu haliwezi kupokea nguvu kupita zile ambazo ardhi yaweza kuzikinga. Lililo katika tope laini hupokea kidogo tu, kisha huteleza. Kwa kuwa sheria ni sawa kwa sawa, lile lililo mahali pagumu nalo hupata kidogo vile vile. Kwa hiyo nguvu hazikuhamia kushoto. Pande zote mbili zimekosa.

JARIBU KWA UFITO, JIWE NA DEBE

Ukitaka kuliona jambo hili nyumbani, twaa ufito mnyofu wa urefu wa mita 1. Ulaze chini penye uwanja ulio sawa. Mbele ya ncha ya kulia weka jiwe zito. Mbele ya ncha ya kushoto weka debe tupu. Sasa usukume ufito katikati kabisa.

Utaona debe laondoka mbio na jiwe halitikisiki. Ongeza nguvu, na debe litakimbia zaidi. Jiwe litabaki mahali pake. Sasa mwambie mtoto alizuie debe kwa mikono yake lisiende. Sukuma tena. Safari hii jiwe litasogea.

Mtoto huyo hakukuongezea nguvu hata kidogo. Alilizuia debe tu, na nguvu zako zikapata pa kuegemea. Ufito ni difu, mkono wako ni injini, jiwe ni gurudumu lililoshika ardhi, debe ni gurudumu lililo matopeni, na mikono ya mtoto ni breki. Ukilifahamu hili umefahamu habari yote. Yanayofuata ni namna mashini inavyofanya kazi ya mtoto huyo.

WENYE MATREKTA WALIJUA ZAMANI

Matrekta mengi yana vikanyagio viwili vya breki, kimoja cha gurudumu kubwa la kushoto na kimoja cha la kulia. Viliwekwa hasa ili kulisaidia trekta kugeuka mwisho wa shamba. Lakini dereva mzoefu alimaye penye majimaji huvitumia kwa kazi nyingine pia. Gurudumu moja likianza kuzunguka bure, hukanyaga polepole breki ya upande ule ule unaozunguka. Mara gurudumu la pili huanza kuvuta.

Tahadhari: kabla ya kuliingiza trekta barabarani, funga vikanyagio hivyo viwili pamoja kwa komeo yake. Ukikanyaga kimoja tu hali trekta laenda kwa kasi, litageuka ghafula na kupinduka.

MOTOKAA HUFANYAJE YENYEWE?

Dereva wa motokaa ana kikanyagio kimoja tu cha breki, nacho hushika magurudumu yote pamoja. Hawezi kulishika moja na kuliacha jingine. Basi waundaji wa motokaa wakaipa mashini kazi hiyo.

Njia ilifunguliwa mwaka 1978, wakati Bosch na Mercedes-Benz wa Ujerumani walipoanza kuuza breki zinazozuia gurudumu lisigande motokaa inaposimamishwa ghafula. Kwa breki hizo magurudumu yalipata vipimo vya mwendo na vali za mafuta ya breki. Mwaka 1986 Bosch wakatoa chombo cha kuzuia gurudumu lisizunguke bure motokaa inapoondoka, na mwaka 1995 kikaja kile cha kuinyosha motokaa inapotaka kuteleza kwenye kona. Hiki cha mwisho kimekuwa lazima kwa motokaa mpya za Marekani tangu zile za mwaka 2012, na huko Ulaya tangu Novemba 2014. Kwa kuwa vyombo vyote vitatu hutumia pampu na vipimo vile vile, motokaa yenye kimoja mara nyingi ina na wenzake.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi:

Kwanza, penye kila gurudumu kuna pete na sensa ndogo karibu yake. Gurudumu linapozunguka, sensa hupeleka habari za mwendo wake kwa kompyuta ya breki, mara nyingi katika kila sekunde.

Pili, kompyuta hulinganisha magurudumu. Kidogo cha tofauti haikijali, kwa maana kila kona ina tofauti yake. Lakini ikiona gurudumu moja laenda mbio kuliko wenzake kupita kiasi cha kona, hujua kwamba hilo lateleza.

Tatu, huamsha pampu ya umeme na kufungua vali ya gurudumu hilo peke yake. Mafuta ya breki husukumwa, na pedi hubana sahani ya gurudumu hilo, ijapokuwa dereva hakugusa breki.

Nne, gurudumu likipunguza mwendo, kompyuta hulegeza. Likianza tena kukimbia, hubana tena. Hubana na kulegeza hivyo upesi upesi, kuliko mguu wa mtu yeyote uwezavyo. Ndiyo maana utasikia mlio wa kukoroma chini ya boneti na mtikisiko kidogo miguuni, na mbele yako taa ndogo yenye picha ya motokaa na alama za kuteleza itamweka-mweka. Hayo yote ni dalili ya kazi, si dalili ya ubovu.

HESABU YAKE

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba motokaa yako yahitaji msukumo wa kilo 100 ili itoke shimoni. Gurudumu la matopeni laweza kupokea kilo 20 tu. Kwa sheria ya difu, la pili nalo lapata 20. Jumla ni 40, na motokaa haitoki, hata injini iwe kubwa namna gani.

Sasa breki yalishika gurudumu la matopeni kwa kilo 60. Hapo difu yaweza kulipa gurudumu hilo kilo 80: ishirini zinakingwa na tope, na sitini zinakingwa na breki. Gurudumu la pili, kwa sheria ile ile, lapata 80, na zote zasukuma ardhi. Ishirini na themanini ni mia. Motokaa yatoka.

Lakini tazama vizuri: injini imetoa 160, na kati ya hizo 60 zimeliwa na breki na kugeuka moto. Hakuna cha bure. Hapa twajifunza mambo mawili. La kwanza, yakupasa kuipa injini mafuta ya kutosha, kwa sababu inafanya kazi ya kuitoa motokaa na kazi ya kushindana na breki kwa wakati mmoja. La pili, breki itapata moto, na huwezi kuitumia hivyo siku nzima.

MGUU WAKO UFANYE NINI?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Chombo hakianzi kazi mpaka gurudumu lianze kuzunguka bure. Dereva mwoga hukanyaga mafuta kidogo, gurudumu lateleza, yeye aondoa mguu. Akanyaga tena, aondoa tena. Kila anapoondoa mguu, kompyuta huona mambo yametulia na kuiachia breki. Chombo hakipati nafasi. Dereva mwenye hasira naye hukandamiza mafuta mpaka mwisho. Gurudumu lachimba shimo, na motokaa yakaa juu ya tumbo lake.

Fanya hivi:

1. Nyosha usukani, magurudumu ya mbele yaelekee unakotaka kwenda. Gurudumu lililokatwa upande ni kama jembe mbele ya motokaa.

2. Tia gia ya chini. Kama pikapu yako ina gia nzito za matopeni, zitumie.

3. Kanyaga mafuta polepole mpaka gurudumu lianze kuzunguka, kisha uuweke mguu hapo hapo, usipunguze wala usizidishe sana. Hesabu moja, mbili, tatu. Mlio ukisikika na taa ikimweka-mweka, vumilia.

4. Motokaa ikianza kusogea, usiongeze mafuta kwa furaha. Endelea vile vile mpaka ufike mahali pagumu.

5. Usikanyage breki kwa mguu wako wakati huo. Kazi hiyo ina mwenyewe.

6. Wanaosukuma wasimame pembeni, si nyuma ya gurudumu linalozunguka. Jiwe likirushwa laweza kumtoa mtu jicho. Tena gurudumu moja likiwa limesimama, la pili huzunguka mara mbili ya mwendo wa kawaida kwa gia hiyo. Mpira wa zamani waweza kupasuka.

KITUFE CHA KUZIMIA

Chombo hiki kina njia mbili za kufanya kazi. Ya kwanza ni kubana breki ya gurudumu moja, kama tulivyoeleza. Ya pili ni kupunguza nguvu za injini, hata kama wewe umekanyaga mafuta. Kwenye lami iliyoloa njia hii ya pili ni nzuri sana, kwa maana huizuia motokaa isiende mrama. Lakini katika tope refu au mchanga mwingi huweza kuwa taabu. Motokaa inayokwenda kwa mbio zake huanza kuteleza kidogo, kompyuta yapunguza nguvu, mwendo waisha, na hapo hapo imekwama.

Kwa ajili hiyo motokaa nyingi zina kitufe chenye picha ile ile ya motokaa inayoteleza. Katika nyingine, ukikibonyeza, injini huachwa huru na breki huendelea kusaidia kwa mwendo wa polepole. Katika nyingine kila kitu huzimika. Soma kitabu cha motokaa yako, au muulize fundi wake, kabla ya mvua. Si jambo la kutafuta usiku barabarani. Na ukifika barabara nzuri, kiwashe chombo tena mara moja, maana huko ndiko kinakokulinda usipinduke.

MAHALI AMBAPO HAKISAIDII

Chombo hiki huigawa nguvu iliyopo; hakiumbi mshiko pasipo na mshiko. Ikiwa magurudumu yote yanayosukumwa yako katika tope laini, kompyuta itabana hili na lile, wala hakuna litakaloivuta motokaa. Udongo mweusi unaonata, kama ule wa Mwea, hujaza mifuo ya mpira mpaka gurudumu likawa laini kama yai. Hapo dawa ni jembe, matawi, mawe, magunia chini ya magurudumu, au minyororo juu yake. Usiendelee kukanyaga mafuta. Shimo litazidi tu.

Motokaa yenye kusukumwa na magurudumu yote manne yaweza kuwa na difu tatu: ya mbele, ya nyuma na ya katikati. Zote zikiwa za kawaida, gurudumu moja lililo hewani laweza kuwanyima nguvu wenzake wote watatu. Hapa breki husaidia sana, maana kulishika hilo moja huwarudishia wenzake uhai.

Pikapu nyingine zina kufuli ya difu, nayo huyafunga magurudumu mawili yaende pamoja. Kwa tope la mwendo mrefu kufuli ni bora kuliko breki, kwa kuwa hailiwi na moto. Lakini iondoe ufikapo mahali pagumu, na usipige nayo kona kali, usije ukavunja vyuma vya difu.

Tena chombo hiki hakikusaidii kusimama. Mtu anayepanda mlima wa utelezi kwa msaada wake asisahau kwamba atateremka mlima ule ule, na kwenye mteremko ni mipira yake na akili yake.

TUNZA BREKI, ZIKUTUNZE

Breki zikipata moto sana, kompyuta husimamisha kazi kwa muda ili zisiharibike. Ngoja dakika kadhaa zipoe. Usizimwagie maji baridi, kwani sahani yenye moto mwingi yaweza kupinda au kupasuka.

Kwa kuwa chombo hiki hula pedi za breki, mwenye kupita matopeni kila siku azikague mara nyingi kuliko jirani yake wa mjini. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewa polepole. Yakizeeka huchemka upesi breki zinapopata moto, na kikanyagio huzama bila kushika. Katika motokaa nyingi hubadilishwa kila miaka 2. Fuata kitabu chako.

Mipira yote iwe ya kipimo kimoja. Mpira mdogo huzunguka mara nyingi kuliko mkubwa kwa safari ile ile, na kompyuta yaweza kudhani unateleza, ikaushika bila sababu. Baada ya safari ya tope, osha upande wa ndani wa magurudumu, na utazame kama waya wa sensa umekatwa na kijiti. Taa ya breki hizo ikiwaka wala haizimiki, breki za kawaida huweza kuwa zafanya kazi, lakini msaada wa kompyuta umekwenda. Mpelekee fundi kabla ya mvua, si baada yake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Difu huyapa magurudumu mawili nguvu sawasawa. Likikosa moja, yamekosa yote mawili.

Breki ikilishika linaloteleza, la pili hupata nguvu za kuvuta.

Shikilia mafuta kwa utulivu. Mlio na taa ni dalili ya kazi.

Magurudumu yote yakiteleza, zima injini, ushuke, ushike jembe.

Fanya jaribio la ufito na debe pamoja na kijana anayekuendeshea pikapu. Kisha siku moja ya manyunyu, wakati huna mzigo wala haraka, mpeleke mahali penye tope kidogo ajizoeze kusikia mlio ule. Akiuzoea siku hiyo, hataondoa mguu siku ambayo maziwa yako yamo garini na jua linapanda.